Albamu Kwanza, Lebo Baadaye: Kisa cha Jimmy Eat World

Mwaka 2000 Jim Adkins alikuwa akiuza vifaa vya wachoraji. Tom Linton alikuwa kwenye kazi za ujenzi. Rick Burch aliuza vipuri vya magari, na Zach Lind alikuwa kwenye yadi inayouza magari yenyewe. Baada ya kazi, hao wanne walikuwa bendi ya roki, Jimmy Eat World. Walikuwa tayari na albamu tatu, na mbili kati yake zilitoka chini ya Capitol Records, kampuni iliyowauzia Wamarekani Frank Sinatra na The Beatles. Sasa hawakuwa na mkataba wala malipo ya awali, na hakuna lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, iliyokuwa ikiisubiri albamu yao ya nne.

Miaka miwili baadaye wimbo wao ulikuwa namba 5 kwenye Hot 100 ya Billboard, chati kuu ya nyimbo nchini Marekani, na albamu iliyoubeba ikatunukiwa platinamu huko, tuzo ya nakala milioni moja.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya kutokata tamaa. Naona wanakipunja. Zama zile bendi zisizokata tamaa zilijaa kila mji wa Marekani, na nyingi zilizama zikiwa bado na moyo wao wote. Jambo la pekee walilolifanya Jimmy Eat World lilihusu mpangilio wa kazi: walirekodi albamu nzima kwa fedha yao wenyewe wakiwa hawana lebo, ndipo wakaenda sokoni na kitu kilichokamilika mkononi. Uamuzi huo haukushuka kutoka mbinguni. Uliwezekana kwa sababu ya mambo waliyoyajenga kwa miaka mitano kabla yake, mengine bila wao kujua kwamba wanajenga.

Mesa, na muziki uitwao emo

Neno emo lilianza kusikika Washington, D.C., katikati ya miaka ya 1980. Bendi za panki kali za pale, Rites of Spring wakiwa mbele, zilichoka kupiga kelele dhidi ya serikali na polisi pekee, zikaanza kuimba yanayomsibu mtu kifuani mwake. Gitaa lilibaki na ukali uleule, lakini sauti ya mwimbaji ilianza kupasuka kwa majonzi. Kufikia miaka ya 1990 mbegu hiyo ilikuwa imesambaa hadi majimbo ya katikati ya Marekani na mpaka Seattle, ambako Sunny Day Real Estate waliipa sura pana zaidi mwaka 1994. Karibu kila bendi iliyobandikwa jina la emo ilijaribu kulibandua. Jimmy Eat World nao hawakuwahi kulipenda.

Mesa iko Arizona, jangwani, mashariki ya Phoenix. Ni mji wa nyumba za chini, barabara pana na joto lisilo na huruma, na haukuwa na jina kwenye ramani ya muziki huu. Adkins na Lind walijuana tangu utotoni. Bendi ilianza mwaka 1993, na jina lake lilitokana na ugomvi wa watoto: mdogo wake Linton, baada ya kupigana na ndugu yake aitwaye Jimmy, alimlipizia kwa kuchora picha yake akiitia dunia nzima mdomoni, akaandika chini yake maneno hayo matatu, kama kusema «Jimmy kula dunia», kwa sarufi ya mtoto. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1994 kwa lebo ndogo ya nyumbani, Wooden Blue, na mwimbaji mkuu siku hizo alikuwa Linton.

Inafaa kujua jinsi bendi za aina hii zilivyoishi, maana hapo ndipo mtaji wa baadaye ulipolala. Zilikuwa zinarekodi sahani ndogo za santuri za inchi saba, mara nyingi bendi mbili zikigawana sahani moja, kila moja upande wake. Gharama ziligawanywa, na mashabiki wa bendi hii wakaijua ile. Wakienda kupiga mji mwingine walilala sakafuni kwa watu, wakapiga kwenye kumbi za mitaa na vyumba vya chini vya nyumba, wakauza sahani na fulana mezani karibu na mlango. Jimmy Eat World waligawana sahani na Christie Front Drive wa Denver, na baadaye na bendi kama Jejune na Mineral. Fedha yake haikuwa ya kutajirisha mtu. Mtandao wa watu, hata hivyo, ulikuwa wa kweli: mwenye lebo ndogo Boston alikuwa na simu ya mtu Florida, na mtu wa Florida alijua nani atawapokea Chicago.

Capitol

Baada ya Nirvana kuvunja rekodi za mauzo kuanzia 1991, na Green Day kufanya hivyo tena mwaka 1994, kampuni kubwa za Marekani zilituma wasaka vipaji wao kila kona. Yeyote aliyekuwa na gitaa lenye mngurumo na wafuasi mia mbili alikuwa na nafasi ya kusainiwa. Katika msako huo Capitol waliwasaini Jimmy Eat World mwaka 1995. Adkins alikuwa na miaka 19. Mwaka huohuo mpiga besi wa awali, Mitch Porter, aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Burch.

Kwa msomaji asiyezoea biashara hii, mkataba wa namna ile hufanya kazi hivi. Lebo inalipia studio, inalipia prodyuza, inawapa wanabendi malipo ya awali. Rekodi zenyewe, yaani masta, zinakuwa mali ya lebo. Mirabaha ya bendi inakatwa kwanza mpaka gharama zote zirudi, na albamu isipouza, bendi haioni senti zaidi ya ile ya mwanzo. Lebo kwa upande wake inasaini bendi nyingi ikijua kwamba nyingi zitaanguka, na chache zitakazopaa zitalipia maiti za wengine. Kila bendi iliyo humo ndani inaamini kwamba yenyewe ni mojawapo ya hizo chache.

Static Prevails ilitoka mwaka 1996. Haikuuza. Lakini katika kuitengeneza walikutana na Mark Trombino, aliyekuwa mpiga dramu wa Drive Like Jehu wa San Diego na aliyekuwa akigeukia uprodyuza. Huu ndio uhusiano muhimu kuliko wote katika kisa hiki, na ni Capitol waliolipia siku za kwanza za kujuana kwao. Kitu cha pili muhimu ni kwamba wakati wote wa mkataba bendi iliendelea kutoa sahani ndogondogo kwa lebo huru. Kampuni kubwa haikuona hatari yoyote katika senti hizo za mezani. Kwa hiyo mlango wa kule walikotoka haukufungwa, na mashabiki wa kumbi ndogo hawakuwahesabu kuwa waliopotea.

Clarity

Nikiulizwa albamu moja inayoonyesha muziki huu unaweza kufika wapi, nataja Clarity, na sisiti. Waliirekodi mwaka 1998 na Trombino, Los Angeles. Ina nyimbo 13 na inapita saa moja. Inaanza taratibu kama mtu anayenong'ona asiamshe watoto; kisha zinaingia kengele, nyuzi za fidla, midundo ya mashine, sauti zilizopangwa juu ya sauti. Kwenye For Me This Is Heaven kinanda kinaongoza na gitaa linasubiri zamu yake. Wimbo wa mwisho, Goodbye Sky Harbor, uliopewa jina la uwanja wa ndege wa Phoenix, unazidi dakika 16: baada ya dakika chache za mwanzo mashairi yanaisha, unabaki mzunguko wa gitaa na sauti zinazorudi na kurudi mpaka msikilizaji anasahau saa. Ukiusikiliza unahisi unawasikia vijana walioingia studio ya tajiri, wakagusa kila chombo kabla mwenye nyumba hajarudi.

Adkins sasa alikuwa ndiye mwimbaji mkuu, na hilo lilibadilisha bendi. Sauti yake ni safi, ya juu kidogo, haina mikwaruzo. Inapopanda kwenye kiitikio unajua kabisa anachosema.

Capitol hawakujua waiuze vipi. Mwaka 1998 rais wa kampuni, Gary Gersh, alikuwa ameondoka na Roy Lott akakalia kiti chake. Bendi iliyosainiwa na uongozi wa zamani ikarithiwa na watu ambao hawakuichagua, na katika kampuni kubwa hali hiyo ni kama yatima kwenye nyumba ya mjomba asiyemjua. Albamu ikakaa. Ndipo ule mlango wa pembeni ukafanya kazi yake: lebo ndogo ya Florida, Fueled by Ramen, ilitoa sahani fupi ya bendi mwishoni mwa 1998 ikiwa na wimbo Lucky Denver Mint, na redio kubwa ya roki ya Los Angeles, KROQ, ikaanza kuupiga. Capitol wakapata sababu ya kuitoa albamu. Clarity ikatoka Februari 1999, na wimbo uleule ukaingizwa kwenye filamu ya mapenzi ya Drew Barrymore ya mwaka huo.

Haikutosha. Clarity haikuingia hata kwenye orodha ya albamu 200 za Billboard, na kabla mwaka haujaisha bendi na Capitol walikuwa wameachana. Masta za Static Prevails na Clarity zilibaki kwa Capitol.

Kapu la kurekodia

Hapa ndipo bendi nyingi huvunjika, na wala hilo halihitaji tukio kubwa. Mmoja anarudi chuo, mwingine anaoa, wa tatu anapata kazi inayolipa vizuri, na mazoezi ya Jumanne yanaahirishwa mpaka hayapo. Jimmy Eat World hakutoka mtu. Kikosi cha Adkins, Linton, Burch na Lind hakijabadilika tangu 1995, na sijui bendi nyingi za rika lao zinazoweza kusema hivyo. Kila ninapokirudia kisa hiki nasimama hapa. Uamuzi wa kurekodi kwa gharama zao ulihitaji watu wanne wakubali kwa pamoja kuitia akiba yao kwenye kitu ambacho soko lilikuwa limeshakikataa mara mbili.

Fedha ilitoka sehemu tatu. Kwanza mishahara ya kazi nilizozitaja mwanzo. Pili ziara, ikiwemo ya nje ya Marekani, sasa wakijipangia wenyewe bila kampuni. Tatu mkusanyo uitwao Singles, uliotoka mwaka 2000 kwa lebo huru ya Big Wheel Recreation: nyimbo zilizokuwa zimetawanyika kwenye sahani ndogo za miaka iliyopita zikakusanywa mahali pamoja. Tazama jinsi zile sahani za inchi saba zilivyorudi kuwalipa. Zisingetolewa kwa lebo huru, zingebaki kabatini Capitol pamoja na mengine.

Na bado fedha hiyo ilikuwa haitoshi kumlipa prodyuza wa kiwango cha Trombino. Alikuwa amepanda tangu walipokutana: mwaka 1997 aliirekodi Dude Ranch ya Blink-182, albamu iliyofika platinamu, na saa zake zilikuwa na bei. Alikubali kufanya kazi bila kulipwa kwanza, asubiri mpaka albamu ipate mnunuzi. Wasomaji wanaoijua Bongo Fleva wataielewa namna hii ya makubaliano bila maelezo. Nyimbo ngapi zimetengenezwa studio za Dar es Salaam kwa neno la «tukitoboa tutamalizana»? Tofauti ni kwamba Trombino hakuwa prodyuza chipukizi anayetafuta jina. Alikuwa na cha kupoteza. Alikuwa pia amekaa nao studio kwa albamu mbili nzima, akimjua Adkins akiwa amechoka na akiwa amewaka, kwa hiyo hakuwa akibahatisha kama mtu anayenunua mbuzi gizani.

Walirekodi Los Angeles, kwenye studio za Cherokee na Harddrive. Kubana matumizi kunasikika, na namaanisha kwa wema. Clarity ilitembea zaidi ya saa. Hii mpya ina nyimbo 11 na haifiki dakika 50. Kila wimbo unajua unakokwenda. Gitaa zimepangwa kama matofali, dramu za Lind ziko mbele na kavu, kiitikio kinakuja mapema. Lakini ule uzoefu wa kupanga sauti juu ya sauti haukutupwa; umefichwa chini, ndani ya nyimbo za dakika tatu.

Marafiki wa kumbi ndogo nao walikuja. Davey von Bohlen wa The Promise Ring aliimba kwenye A Praise Chorus, kipande kinachookota maneno ya nyimbo za zamani za watu wengine. Rachel Haden wa That Dog aliingia kwenye Hear You Me, wimbo wa kuwaaga dada wawili waliokuwa wakiendesha klabu ya mashabiki wa bendi ya roki ya Weezer na waliozipokea bendi nyingi changa kama ndugu zao, mpaka walipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1997 wakitoka kwenye onyesho. Wimbo ule hauna mbwembwe. Ni mtu anayejutia kwamba hakusema asante mapema. Leo unapigwa kwenye mazishi ya watu ambao hawajui ulitungwa kwa ajili ya nani, nami naona hilo ni sawa kabisa.

Nani alimhitaji nani

Mkataba wa kwanza, wa 1995, Capitol walinunua matumaini. Mkataba wa pili uliwakuta Jimmy Eat World na masta zao zimekamilika. Mtu wa lebo hakuombwa awaze kwamba vijana hawa labda wanaweza kutunga wimbo wa redioni, aliketi akausikia. Hatari ya studio kuvuka bajeti ilikuwa haipo. Nafasi ya kumwambia mtunzi abadilishe kiitikio nayo ilikuwa haipo, kwa sababu kazi ilikwisha. Zaidi ya hayo, bendi ilikuwa na pa kurudi. Kama kampuni zote zingekataa, Fueled by Ramen na Big Wheel Recreation walikuwepo, na wangeitoa kwa watu wale wale walionunua Singles. Mwenye nyumba ya kurudi hakubali bei ya kwanza.

Walisaini na DreamWorks Records, lebo iliyoanzishwa mwaka 1996 na David Geffen, Steven Spielberg na Jeffrey Katzenberg, ikiendeshwa na wakongwe Mo Ostin na Lenny Waronker. Bleed American ilitoka Julai 2001.

Wiki saba baadaye ndege ziligonga majengo ya New York na Washington. Albamu yenye maneno «Bleed American» kwenye kava, na «bleed» ni kuvuja damu, katika nchi iliyokuwa bado inahesabu maiti, isingeweza kusomwa kwa maana iliyokusudiwa. Bendi iliondoa jina lile. Albamu ikaitwa Jimmy Eat World tu, na singo ya kwanza, yenye jina lilelile la albamu, ikaitwa Salt Sweat Sugar. Jina la asili lilirudi mwaka 2008 kwenye toleo jipya. Naamini walifanya vema, na naamini iliwauma, kwa sababu wimbo wenyewe ulihusu ganzi ya maisha ya Kimarekani na wala haukumwombea mtu damu.

Kisha ikaja The Middle. Adkins amesimulia kwamba chanzo chake kilikuwa ujumbe wa msichana shabiki aliyewaandikia kwamba shuleni wenzake hawamwoni kuwa panki wa kutosha. Jibu lake ni wimbo usiofika dakika tatu, wa kodi chache za gitaa zilizonyooka na solo fupi ambayo anayejifunza anaweza kuipata kwa wiki moja. Unamwambia mtu kwamba yuko katikati ya safari, asijihukumu kwa mizani ya watu wengine. Video yake ilionyesha sherehe ambamo wote wamevaa chupi isipokuwa kijana mmoja aliyevaa nguo zake, anayejiona ndiye kituko. Anapokaribia kuvua ili afanane nao, anamkuta msichana aliye katika hali ileile, wanatoka pamoja.

Mwishoni mwa 2001 walizunguka na Weezer. Aprili 2002 walipiga kwenye kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live. Mwaka huohuo walifungua majukwaa kwenye ziara ya pamoja ya Green Day na Blink-182. The Middle uliongoza chati ya roki ya kisasa na kufika namba 5 kwenye Hot 100. Sweetness ukafuata na kushika namba 2 kwenye ile chati ya roki. Trombino, bila shaka, alilipwa.

Bahati, na hukumu juu ya Capitol

Kuna wanaosema yote haya ni bahati ya wimbo mmoja. Bahati ilikuwepo, nani anakataa? KROQ wangeweza kupiga wimbo mwingine siku ile ya 1998. Mwaka 2002 redio za Marekani zilikuwa zimechoshwa na roki ya kununa, na wimbo wa faraja ulikuta masikio yako wazi. Lakini wimbo uliokuta masikio wazi ulikuwa umeshatungwa, umerekodiwa na kuchanganywa na watu ambao hakuna aliyewaagiza. Bahati ilipopita, iliwakuta na mzigo mkononi.

Wengine huwafanya Capitol mashetani wa kisa. Sikubali. Walilipia albamu mbili katika studio nzuri, wakalipia siku za kwanza za vijana hao na Trombino, wakawaacha watoe vitu vidogo nje ya mkataba. Clarity, wimbo wa dakika 16 na yote, ilitoka bila kukatwakatwa. Kosa lao lilikuwa la macho mafupi, kupima bendi kwa mauzo ya miezi ya mwanzo, na walilipa kwa kukosa albamu iliyofuata. Hata hivyo hawakukosa kila kitu: mwaka 2007 walizitoa upya Static Prevails na Clarity, sasa zikiwa na wanunuzi. Masta ni masta. Mwenye nazo hula hata kama alikufukuza.

Ninachokiogopa zaidi ni kisa hiki kugeuzwa resipe: kopa, jirekodi, lebo zitakuja. Angalia kilichokuwa nyuma yao. Walikuwa wameshajifunza studio kwa albamu tatu, mbili kwa fedha ya mtu mwingine. Prodyuza wao aliwajua na alikuwa na uwezo wa kungoja. Mashabiki wao walikuwa tayari kununua mkusanyo wa nyimbo ambazo wengine walishakuwa nazo, ili tu bendi iendelee. Na wanne wote walikuwa na mishahara mingine. Ondoa kimojawapo, na ile albamu inaweza kuwa deni ambalo wangelilipa kwa kuuza vipuri mpaka leo. Bendi changa inayoingia studio kwa mkopo wa riba, bila hata jukwaa moja linaloijua, haifanyi walichofanya hawa.

Miaka iliyofuata

Mafanikio hayakuwapa utulivu wa moja kwa moja. DreamWorks Records iliuzwa kwa Universal mwishoni mwa 2003 na bendi ikajikuta Interscope, lebo nyingine ya Universal. Kwa mara ya pili wakarithiwa na wasiowachagua, ila safari hii wakiwa na platinamu ukutani. Futures, ya 2004, ilianza na Trombino, ikakwama, wakaachana naye, ikamalizwa na prodyuza Mwingereza, Gil Norton. Ni albamu ya giza kuliko iliyotangulia, na wako mashabiki, nami nikiwemo kwa siku fulani, wanaoiweka juu yake. Iliingia sokoni ikiwa namba 6, na Pain ukawa wimbo wao wa pili kuongoza chati ya roki ya kisasa. Trombino alirudi kwa Invented ya 2010, kwa hiyo ile 2004 haikuwa talaka.

Kitu walichokifanya na fedha kinanivutia kuliko chati. Walijitengenezea studio yao huko Tempe, jirani na Mesa, wakaiita Unit 2, na kuanzia hapo kazi nyingi zilianzia nyumbani. Hawakuhamia Los Angeles. Kwenye studio yako hakuna saa inayohesabu dola.

Clarity nayo ilipata siku zake. Mwaka 2009, ilipotimiza miaka kumi, walizunguka Marekani wakiipiga yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kumbi zilijaa watu walioimba hata zile sauti zisizo na maneno za Goodbye Sky Harbor. Wengi wao walikuwa watoto ilipotoka. The Middle uliendelea na maisha yake pembeni: mwaka 2016 Taylor Swift aliucheza mbele ya kioo kwenye tangazo la Apple Music, na kizazi kingine kikauliza ni wimbo wa nani.

Kuanzia 2013 albamu zao zilitoka kupitia kampuni kubwa ya RCA: Damage, Integrity Blues, kisha Surviving mwaka 2019. Mwaka 2022 walitoa wimbo Something Loud bila kampuni yoyote kubwa nyuma yao. Lebo iliyoandikwa ni Exotic Location Recordings, ambayo ni yao wenyewe, na wapigaji ni walewale wanne: Adkins, Linton, Burch na Lind.